Baba, Mizani na Wajina Wako

Kwa Karanja,
Mutuini, Dagoretti,
Nairobi.

Jumapili, 2 Novemba 2025

Mpendwa dada Nyokabi,

Sasa dada? Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi Ndungu, kitinda mimba wa mama yako na kijana mtanashati kuliko wote kuanzia Mutuini mpaka Kabiria. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Aberdeen, na kwamba wale wazee unaowatunza hawajakuambukiza tabia ya kula mkate mkavu na kuuita chakula cha jioni. Mama anauliza kama kile kikohozi kimekwisha. Mimi nauliza kama pua bado unayo, maana nasikia baridi ya huko hukata pua za watu.

Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua mvua ikinyesha, na mvua imenyesha wiki nzima, kwa hivyo hebu fikiria kelele ya nyumba hii. Cucu, nyanya yetu, ni mzima kama chuma. Amekataa tena meno ya bandia. Anasema hayo manne aliyobaki nayo yanatosha kwa kazi iliyobaki.

Usicheke mwandiko. Wewe mwenyewe ulisema hutaki ujumbe wangu wa simu usiokuwa na vokali, wala zile sauti ninazorekodi nikiwa juu ya pikipiki. Ukataka barua kamili yenye tarehe. Basi hii hapa, kutoka kwa mtu ambaye shule ilimwacha kidato cha pili. Veronicah wa jirani anasafiri Jumatano, atakuletea pamoja na majani chai na unga wa uji. Ukiona karatasi ina mafuta, ni chapati, si machozi.

Najua unachotaka kujua. Mwezi wa tisa Baba alikupigia simu akakuambia ndugu yetu Muchiri amehasiwa kama fahali. Ukampigia Muchiri, hakushika. Ukanipigia mimi, nikajifanya mtandao ni mbaya. Haukuwa mbaya, dada. Nilikuwa naogopa. Lakini leo nitakwambia yote, kwa sababu mwisho wake umetokea jana tu na bado una mvuke.

Tuanzie Julai, Janice wa Muchiri alipomzaa msichana wao wa tatu. Unajua mila yetu. Wa kwanza aliitwa Nyawira, jina la Mama. Wa pili akaitwa Wangeci, jina la mamake Janice. Huyu wa tatu akaangukia kwa dada mkubwa wa babake, ndiyo maana una wajina. Picha ulitumiwa ukaweka mioyo kumi na minne, niliihesabu. Ambacho hukutumiwa ni habari kwamba Janice alivuja damu nusura atuache. Walimwekea chupa nne za damu. Mimi nilitoa yangu kurudishia, na tangu siku hiyo namwambia Janice akijisikia mrembo ghafla ajue sababu.

Daktari aliwaita wote wawili, yeye na Muchiri, akawaambia wazi: mimba nyingine ni kamari. Muchiri, lile jitu lote unalolijua, alitoka akakaa kwenye ngazi za hospitali akalia kama mtoto aliyenyang'anywa ndizi. Mimi nilikuwa pale. Sikumcheka, na unajua kunizuia nisicheke ni kazi.

Baba naye alikuwa na hesabu yake. Mtoto wa kiume wa kwanza wa Muchiri ndiye atakayeitwa Karanja, na mzee ameshangojea wasichana watatu. Hakusema neno baya. Alisimama mlangoni, kofia kichwani, akasema, "Sawa. Wa nne atakuwa Karanja." Na Janice wakati huo hawezi hata kuketi bila kushikwa.

Sasa nikueleze Nyumba Njema, maana Baba alikuambia ni genge. Ni kikundi cha watu wa kujitolea tu, hakuna anayelipwa. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi hukutana kwenye uwanja wa kanisa. Saa ya kwanza ni shamba: mboga za kupanda kwenye magunia kwa wale wenye ploti ndogo kama kitambaa cha mezani, na mbuzi wa maziwa. Ukipewa mbuzi, mtoto wake wa kwanza wa kike unampa jirani anayefuata kwenye orodha. Saa ya pili ni nyumba: kupima watoto uzito, na kupanga uzazi kwa anayetaka. Janice ana mbuzi wao tangu mwaka jana, na maziwa yake ndiyo Wangeci amenenepea mpaka amekosa shingo.

Mkuu wao ni Bi Mishi, muuguzi mstaafu kutoka Pwani anayeishi Kabiria. Kiswahili chake ukikisikia utadhani redio ya zamani. Na mguu wa kikundi ni nani? Ni mimi. Nambeba Bi Mishi, nabeba dawa, nabeba mizani, bila kuitisha hata bob. Nimepewa koti la kuakisi mwanga lenye maneno MTU WA KUJITOLEA mgongoni. Wasichana wa hapa stejini, tunapoegesha bodaboda, wananiita daktari. Siwakatazi.

Basi mwezi wa nane Muchiri akaja kwa Bi Mishi, akazungukazunguka mbuzi mpaka watu wakaisha, ndipo akauliza kuhusu ile ya kufunga uzazi kwa mwanamume. Mimi nilikuwa nafunga mizigo, masikio yakajifungua yenyewe.

"Nitabaki mwanaume?" akauliza, sauti chini.

"Mwanangu," Bi Mishi akamwambia, "ndevu hazidondoki, sauti haibadiliki, na mkeo utamsumbua vilevile. Kinachofungwa ni kijia cha mbegu tu. Lakini usiwe na haraka. Hili ukishalifanya, lihesabu limefanyika. Ukiwa na shaka hata tone, nenda zako kale ulale."

"Sina shaka."

"Na kwa nini wewe, si yeye? Wengi hapa huniletea wake zao."

Muchiri akaangalia chini. "Yeye amekatwa vya kutosha. Hii ni zamu yangu."

Dada, mimi ni mtu wa mdomo, lakini hapo nilijifanya natafuta kamba.

Bi Mishi aliwaita wote wawili mara mbili tena, yeye na Janice, kuhakikisha. Na akampa Muchiri sharti moja: "Babako asikie kutoka kinywani mwako." Muchiri akakubali. Alipanga kumwambia Jumapili baada ya kanisa, soda mezani, heshima yote. Siku yenyewe ya kufungwa ilikuwa Jumatano ya mwezi wa tisa, kabla ya hiyo Jumapili. Nilimpeleka kliniki mimi mwenyewe, polepole kama nabeba mayai. Dakika ishirini, amemaliza. Mimi hukaa zaidi kwa kinyozi. Wakamwambia apumzike siku chache, na kwa miezi mitatu waendelee kujikinga kwa njia nyingine mpaka apimwe aambiwe ni safi.

Hapa ndipo naomba ukae vizuri, kwa sababu kosa ni langu.

Nilirudi stejini nikiwa nimefura kichwa. Wenzangu wakaanza kujigamba: huyu amebeba mchungaji, yule amebeba friji. Nikasema hizo ni gani. Nikasema mimi leo nimembeba ndugu yangu akafungwe uzazi, na saa saba alikuwa mezani anakula chapati. Nilitaka waone tulivyo watu wa kisasa. Hiyo ilikuwa saa nane. Saa kumi na moja habari ilishafika kichinjioni Dagoretti, kwenye ile meza ya supu ambayo Baba hukaa na wenzake tangu alipofunga bucha.

Na unajua midomo ya wachinjaji. Mmoja akaweka bakuli chini akamwambia, "Karanja, tunasikia uko na maksai kwako. Akiuzwa ni kilo ngapi?"

Meza nzima ikacheka. Baba alirudi nyumbani kwa miguu, kofia mkononi. Wewe umewahi kumwona Baba na kofia mkononi barabarani? Hata mimi sijawahi.

Hakupiga kelele. Alimwambia Muchiri akiwa nje ya mlango wake, "Mwenye nyumba hii amekufa na jina langu. Mimi humu siingii tena." Janice alikuwa amemshika wajina wako. Akamnyooshea Baba mtoto, ile ya kusema hata huyu basi. Baba akarudisha mikono nyuma.

Tangu siku hiyo, dada, kwa wiki saba, akipita hapo hatua arobaini kutoka mlango wetu hadi wa Muchiri, alikuwa anaangalia upande wa mparachichi kana kwamba kuna nyoka juu. Mtoto akilia, anaongeza sauti ya redio. Janice akaacha kuleta watoto kwetu. Muchiri hakunilaumu hata siku moja, na hiyo ndiyo iliniuma. Afadhali angenipiga.

Nilijaribu kurekebisha. Nilimwendea mzee nikamwambia, "Baba, usijali. Karanja nitakuzalia mimi."

Akaniangalia kutoka viatu mpaka nywele. "Na nani? Na hiyo pikipiki?"

Bi Mishi naye akaja, na leso zake mbili na adabu ya Pwani. Baba akamkaribisha chai, akamsifu mbuzi nusu saa nzima, anajua mbuzi yule mzee. Bi Mishi alipotaja habari za nyumba tu, Baba akasimama. "Mama, hiyo kazi yenu ya mbuzi ni safi kabisa. Lakini watu wa mbuzi wakae na mbuzi."

Aliyemtikisa kidogo ni Cucu. Tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, Baba akasema tena ile yake: "Huyo mtoto mimi sishiki. Ndiye amenifungia mlango."

Cucu hakuinua macho. "Hushiki nani?"

"Huyo msichana."

"Ana jina. Liseme."

Atalisemaje? Si ndilo jina la mamake mwenyewe, aliyeketi mbele yake na ungo?

"Mama, wacha tu."

"Anaitwa Nyokabi," Cucu akasema. "Kama mimi. Karanja, nilizaa tisa nikazika wanne, na hakuna siku hata moja mtu aliniuliza kama nimechoka. Leo mume wangu amemuuliza mke wake, ndio wewe unasema ameharibika?"

Mume wangu ndiye Muchiri, unajua anavyomwita kwa vile amebeba jina la Guka, mumewe halisi. Nikacheka. Cucu akanirushia gunzi likanipata hapa juu ya jicho, na mzee wa miaka themanini na sita asingefaa kuwa na shabaha hiyo. Baba akainuka akaenda zake. Lakini jioni hiyo mtoto alipolia, redio haikupandishwa.

Sasa tufike jana.

Asubuhi nilikuwa nashusha vitu vya kikundi uwanjani. Kulikuwa na wasichana wawili wa kwaya wanaangalia, basi nikaamua kuingia langoni kwa mkono mmoja. Usiulize zaidi. Pikipiki ilisimama, mimi nikasimama, mizani ya watoto haikusimama. Ilifika kwenye mawe kabla yetu. Sindano ikakwama kwenye kilo kumi na tisa na haikurudi tena.

Akina mama thelathini na wawili wamepanga foleni na watoto wao, wengine wametoka mbali kwenye matope. Bi Mishi aliangalia ile mizani, akaniangalia mimi, akasema, "Daktari, haya sasa. Tibu."

Dada, nikipata aibu akili yangu hufanya kazi mara mbili. Nikakumbuka mizani ya bucha. Ile ya kuning'iniza, ya saa kubwa ya duara, ambayo mzee ameifunga kwa shuka chini ya kitanda na huipaka mafuta kila mwezi kama anafungua bucha kesho. Nikawasha pikipiki.

"Baba," nikasema, "naomba mizani."

"Ya nini?"

"Watoto kanisani. Yao imevunjika."

"Nani ameivunja?"

"Imevunjika tu."

Aliniangalia akajua. Kisha akasema nilichotegemea atasema, maana tumekisikia tangu tukiwa wadogo: "Hiyo mizani haishikwi na mtu mwingine. Ni mimi tu." Nikamwambia ndiyo sababu nimekuja na kofia ya pili ya pikipiki. Akapiga hesabu yake. Wanawake thelathini na wawili kwenye matope, na yeye ana kitu chini ya kitanda. Akavaa viatu.

Bi Mishi alichemsha ndoana, akasugua sahani na mnyororo kwa sabuni na dawa mpaka Baba akaanza kukasirika, "Mama, hii ilikuwa bucha, si choo." Wakatoa sahani wakafunga leso mpya, ikawa bembea. Baba akaitundika kwenye boriti ya kibanda, akaijaribu kwa pakiti ya unga ya kilo mbili. Kilo mbili kamili. Akageukia watu kifua mbele. "Miaka thelathini na moja. Hakuna mteja aliwahi kupunjwa hapa hata ukucha."

Kisha ikaanza sinema. Mzee ana mazoea yake ya bucha: hapimi kitu kabla ya kukikadiria kwa mikono. Basi anampokea kila mtoto, anampandisha, anamshusha, anafumba jicho moja. "Saba na robo." Anamweka kwenye leso, sindano inasimama saba na robo. Makofi. "Huyu tano unusu." Tano unusu. Foleni yote ikawa inapiga kelele, akina mama wanabishana kabla ya sindano kutulia, Bi Mishi anaandika kadi huku anacheka mpaka miwani inateleza. Mama mmoja akamwambia, "Mzee, si unikadirie na mimi?" Akamjibu, "Wewe nitahitaji ile ya lori." Nilikuwa sijamsikia mzee akitania tangu Septemba.

Ilipofika zamu ya mtoto wa ishirini na kitu, Baba akanyoosha mikono bila kuangalia, kama alivyofanya kwa wote. Na aliyekuwa mbele ya foleni ni Janice.

Mimi nilikuwa karibu, nilimwona akimvuta mtoto kifuani. Mikono ya mzee iko hewani, haiko nyuma safari hii, iko mbele, imefunguka. Janice akamweka wajina wako pale.

Baba akamtambua. Alimpandisha kidogo, akamshusha, akafumba jicho moja. Tukangoja. Mtoto akamshika kola ya shati, unajua mshiko wa mtoto wa miezi mitatu, kama ameshika mwizi. Baba akampandisha tena. Hakusema kilo.

Nyuma ya foleni mtu akachoka. "Mzee, ni ngapi? Mvua inakuja!"

"Nyamaza," Baba akasema bila kugeuka. "Bado nakadiria."

Akaendelea kukadiria, dada. Akamwegemeza begani, akakadiria. Akamgeuza akamwangalia usoni, akakadiria. Bi Mishi akaweka kalamu chini, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mwishowe Baba akasema, "Nyokabi. Kilo saba." Akamweka kwenye leso taratibu.

Sindano ikasimama kilo sita.

Watu wakashangaa, hakuwa amekosa hata mara moja. Baba akaiangalia ile mizani yake ya miaka thelathini na moja, ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuitilia shaka akaishi kwa amani.

"Imeharibika," akasema. "Andika saba."

Bi Mishi aliandika sita, kwa kuwa ni muuguzi, lakini aliitikia, "Naam, baba." Waliobaki walipimwa na kukadiriwa na mzee akiwa na mtoto mkono mmoja. Tulipomaliza hakumrudisha. Alipanda naye njia ya kwetu kwa miguu, mimi nasukuma pikipiki nyuma na mizani imefungwa, Janice pembeni na mwavuli. Alipofika penye mlango wa Muchiri hakuangalia mparachichi. Akaingia, akakaa kwenye kile kiti karibu na dirisha.

Muchiri alitoka jikoni mikono ina unga, akaganda. Nilidhani mzee atatoa hotuba. Alisema tu, "Kwani kwa hii nyumba hakuna chai?"

Muchiri akamwaga nusu ya maziwa chini kwa kutafuta sufuria. Walikunywa wakizungumza habari za mbuzi, ni mbuzi tu mpaka chai ikaisha, hakuna aliyegusa ile nyingine. Ila alipokuwa anaondoka Baba alimshika Muchiri bega akamuuliza, "Iliuma?" Muchiri akasema, "Kidogo." Mzee akatikisa kichwa. "Kesho njoo twende supu pamoja. Nataka mtu aseme tena maksai nikiwa hapo."

Na leo wamekwenda, dada. Wamerudi wote wawili na kofia kichwani. Sijaambiwa kilichosemwa, na kwa mara ya kwanza maishani sijauliza.

Kwa hiyo mpigie Baba. Usimwambie nimekuandikia haya. Muulize tu wajina wako ana kilo ngapi, kisha ukubali jibu.

Mama anakusalimu sana, Cucu anakusalimu na kusema urudi kabla hajabaki na meno matatu. Muchiri, Janice, Nyawira na Wangeci wanakusalimu, pia Bi Mishi, ambaye hamjuani lakini anasema dada yangu hawezi kuwa msumbufu kunishinda. Mungu akulinde huko kwenye baridi, akupe joto la watu wema na mguu mwepesi wa kurudi kwetu.

Ni mimi mdogo wako, niliyekulowesha mgongo ukinibeba na nikupendaye hata hivyo,

Ndungu Karanja
Mtu wa Kujitolea